Kauboi Asiyejua Kiingereza

Majuzi niliona kwenye simu picha ya kauboi wa zile filamu za zamani zisizo na sauti. Waliandika kwamba filamu zilipoanza kusema, yeye alikosa kazi. Nikasikia tena harufu ya koti la Baba, harufu ya maboksi na theluji, kama alasiri ile ya utotoni tulipoonyeshwa filamu yake katika maktaba ya Riverside.

Kambini Tanzania, Baba ndiye aliyetafsiri filamu kwenye banda la video, na watu walifuata sauti yake kuliko picha. Huku Buffalo, Marekani, alipakia maboksi siku nzima bila kusema neno. Kwa hiyo nilipomwona yule kauboi anafungua mdomo kimya, halafu anaandikiwa maneno kwenye skrini, nilijua naye ni mkimbizi, Kiingereza bado hajakijua.

Kauboi alipokuwa akimuaga mwanamke mmoja, Baba alishindwa kuvumilia. Alisimama, akamsemea kwa Kiswahili: "Usinililie, mama! Nikirudi, narudi na ng'ombe wote!"

Wazungu wakageuka. Nilimvuta koti. "Baba, please, watu wanatuangalia."

Akakaa. Kauboi akafika mlangoni kwa yule mwanamke, akamwambia jambo refu, na sisi tukasikia mlio wa mashine ya filamu tu. Tangu siku ile Baba hakutafsiri tena.

Jana niliitafuta ile filamu, nikaisimamisha pale mlangoni, nikampa simu.

"Baba, hapa alimwambia nini?"

Alivaa miwani, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akasafisha koo, akasimama.