Picha ya Ndengu na Simu ya Bei Kubwa

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno pale Zombe, mwanangu, nimesimama mbele ya magunia ya ndengu za watu, na mkononi nina simu ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo kwetu. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nane, bado najihesabu kijana, na asubuhi ile nilijiona mtu mkubwa kidogo kuliko nilivyokuwa.

Nakuandikia kwa sababu umeniuliza. Umepata kazi mjini Wote, mshahara wa kwanza uko njiani, na unataka kujua kama ununue simu ya bei ya juu kabisa au ile ya katikati. Pengine ungeuliza mtu anayezijua. Mimi shule niliachia darasa la nane, na mengi ya simu nayajua kwa kuonyeshwa. Lakini kwa hili moja nina hakika, kwa hivyo nitakueleza yaliyonipata, na nitajaribu nisiisingizie simu yoyote.

Ile simu niliitamani mazishini. Kuna mtu alitoka Nairobi kuja kuzika shangazi yake, akainua simu yake akapiga picha watu wote tuliokuwa pale, na alipotuonyesha niliona kila uso, hata wa wale waliosimama nyuma kabisa karibu na ua. Sikulala vizuri wiki hiyo. Mwisho niliuza mbuzi wangu, wakabaki wawili tu boma nzima, nikaenda mjini nikarudi nayo ikiwa kwa boksi. Mama yako aliniuliza kama inakamuliwa.

Sitaisema vibaya bila haki. Haikukwama hata siku moja. Sauti yake ilikuwa safi, ukiongea na mtu ni kama amekaa kiti cha pili. Chaji ilikaa. Ubaya wake ulikuwa mmoja niliouona mapema: ilikuwa ya laini moja, na unajua kwetu mtandao unaoshika bondeni si ule unaoshika sokoni. Watu walinipigia wakanikosa. Nikawa nawaambia makosa ni yao.

Sasa, kikundi chetu kilianza kama mwethya, ile desturi yetu ya kulimiana na kuchimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Baadaye tukaona kwamba kama tunaweza kulima pamoja tunaweza pia kuuza pamoja, tukaanza kukusanya ndengu kwa stoo moja karibu na kanisa. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ya mwandiko. Kazi ya kupiga picha za ndengu na kuzituma kwa mnunuzi ilikuwa ya Kamene, yule fundi wa nguo pale sokoni. Simu yake ilikuwa ya bei ya katikati, ya laini mbili, imepasuka kona, na nyuma ameifungia kitambaa cha kitenge. Nilipopata yangu nikasema mkutanoni kwamba kuanzia siku hiyo picha nitapiga mimi.

Kamene hakubisha. Alisema tu, "Sawa, katibu. Lakini simu ya kubebwa kama yai hivyo, utaitoa kwa vumbi ya stoo?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, ila iliniuma.

Mnunuzi wetu alikuwa Mama Shiru wa Malili. Watu wake walitoka Nyeri zamani wakakaa huko kwa barabara ya Mombasa, na yeye ananunua nafaka. Kutoka Malili hadi Zombe ni safari, na mafuta ya lori hayachezewi, kwa hivyo alitaka kuona picha kwanza. Akipenda, anakuja. Asipopenda, anasema. Alikuwa amenunua kwetu misimu miwili bila shida.

Msimu huo mvua ilitupata vibaya. Ndengu zilikuwa zimeshang'olewa, ziko chini zinakauka, ikanyesha siku mbili. Hazikuoza, lakini zilififia. Ndengu nzuri inang'aa. Zetu zilikuwa na rangi ya majani yaliyokaa kwa jua. Kila mtu alikuwa na wasiwasi, kwa sababu stoo ile ilikuwa ndiyo karo ya muhula na ndiyo mbegu ya msimu wa kufuata, na madalali walikuwa wameshaanza kupita na debe zao wakitaka kununua kwa bei ya kutupa.

Nikafungua gunia, nikapiga picha. Halafu nikaangalia kioo.

Kwa kioo zilikuwa kijani kama zimepakwa mafuta. Kwa gunia zilikuwa zimefifia. Niliangalia huku, nikaangalia huku. Niliona, mwanangu. Nakwambia wazi kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na halikuwa la simu. Nilijiambia, si ndiyo maana nililipa vile, ili ipige picha nzuri? Nikatuma.

Mama Shiru alijibu kabla sijafunga gunia. Anakuja Alhamisi na lori, atabeba zote. Niliposoma ujumbe ule kwa sauti watu walishukuru Mungu hapo hapo stooni, na mama mmoja alishika ile simu kwa mikono miwili akairudisha polepole. Madalali tukawafukuza. Mimi mwenyewe nilimwambia mmoja asirudi.

Alhamisi lori lilifika. Mama Shiru alishuka, akasalimia kila mtu, akaingiza mkono kwa gunia la kwanza hadi kiwiko. Akatoa ndengu, akaziangalia. Akatoa simu yake, akaiangalia. Akafungua gunia la pili, na la tatu.

"Hizi ndizo za kwa picha?" aliniuliza.

"Ndizo," nikasema. "Labda ni mwanga."

Hapo ndipo Susu Ndunge aliinuka. Susu kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa mkubwa kuliko sisi wote kwa kikundi. Alikuwa amekaa juu ya gunia karibu na mlango. Aliomba aone hiyo picha. Akaiangalia muda mrefu, halafu akachota ndengu kwa kiganja chake, akanyoosha mkono mbele yangu.

"Piga hii," akasema. "Na mkono uonekane."

Nikapiga. Akasema nimpe aone.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Ni wako, susu."

"Wangu? Mimi nimeshika jembe na huu mkono mama yako akiwa hajaolewa. Huu wa hapa ni wa msichana wa kuolewa Jumamosi. Mwambie aje tumtayarishie uji."

Watu walivunjika kwa kicheko, na Mama Shiru pia alicheka, akamwita nyanya kwa Kikuyu, "Shosho, hata mimi nataka hiyo simu inipige." Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Susu Ndunge hakuwa anacheka.

"Mutiso," akaniita, "wewe uliona?"

Ningeweza kusema sikuona. Nani angejua? Simu ilikuwa mpya, ningesema sijaizoea. Sijui hata leo kwa nini sikusema hivyo. Pengine ni vile alivyokuwa bado amenyoosha mkono.

"Niliona, susu."

"Na ukatuma."

"Nikatuma."

Alirudisha ndengu kwa gunia, akapangusa mkono kwa leso, akaenda kukaa. Nimekemewa na watu wengi maishani, wengine kwa kelele, lakini karipio lile la Susu Ndunge ndilo nalijua kwa moyo mpaka leo.

Mama Shiru alizungumza kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Watu ninaowauzia wanangoja ile ya kung'aa. Hii siwezi kuwapelekea. Lakini si hilo linanisumbua. Linanisumbua ni kwamba kesho mkinitumia picha, sitajua niamini gani." Akapanda lori, likageuka, likaondoka tupu. Jioni hiyo dalali niliyemfukuza alipita akinisalimia kwa jina.

Siku iliyofuata tulikutana kanisani. Hapo, mwanangu, ungesikia maoni ya watu juu ya simu. Mmoja alisema simu za bei kubwa zimetengenezewa matajiri, na tajiri hapendi kuona kitu kibaya. Mwingine akabisha, akasema shemeji yake anayo ya namna ile na ni ya maana sana, yuko nayo mwaka wa nne na bado inakimbia, wakati yeye ameshabadilisha tatu za bei nafuu. Mwingine akasema simu ni ya kupiga na kupokea, hayo mengine ni mchezo. Niliwasikiliza nikiomba waendelee, kwa sababu wakisema juu ya simu hawasemi juu yangu.

Susu Ndunge akawakata. "Mnaongea juu ya simu ni kama ndiyo tuliichagua katibu."

Halafu akamwita Kamene. Wakatoka hadi mlangoni mwa stoo, kwa kivuli, mchana. Susu akachota ndengu, akanyoosha mkono, na Kamene akapiga kwa ile simu yake ya kona iliyopasuka. Tulizunguka kuangalia. Mkono ulikuwa wa Susu, na nyufa zake zote, na udongo kwa kucha. Ndengu zilikuwa zimefifia vile zilivyofifia. Haikuwa picha ya kupendeza. Kamene akaandika chini yake, "Hizi ndizo tuko nazo. Zilinyeshewa. Mkono ni wa yule shosho uliongea naye."

Akatuma. Tukangoja siku mbili, na katika siku hizo mbili tuliona mdudu wa kwanza akitembea juu ya gunia. Nilikonda.

Siku ya tatu jibu liliingia. "Nimeona mkono. Nimepata wanunuzi wa shule, hao wanapika tu, hawaangalii rangi. Nakuja. Lakini mjue bei ni ya ndengu ya kunyeshewa."

Alikuja akabeba zote. Hatukupata tulichotarajia Alhamisi ile ya kwanza, lakini watoto walirudi shule na mbegu ilinunuliwa. Mimi nilitoa gunia langu moja, nikalipakia kwa lori kwa sababu ya safari ya bure niliyomfanyisha. Alikataa, nikakataa kukataliwa. Ukatibu nilimwachia Kamene mwenyewe, sikungoja kuambiwa, na hadi leo kila picha ya ndengu inayotoka kwa kikundi chetu ina mkono wa mtu ndani. Wanunuzi wengine walikuja kutupenda kwa sababu ya hiyo mikono.

Sasa lazima niseme na upande mwingine, nisije nikakupotosha. Miezi baadaye kijana anayetengeneza simu pale sokoni alinionyesha kwamba ule urembo wa kamera yangu unazimwa. Ni kugusa mara mbili tu. Ningeuliza, ningejua. Na simu ya Kamene nayo si malaika: akipiga picha ya uso, ilikuwa inakutoa mikunjo yote bila kuombwa, hata pasta alitoka kama mtoto wa kipaimara. Tena baada ya miaka miwili ikawa nzito, ukiigusa leo inajibu kesho. Yangu ilidumu miaka mitano. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema za bei kubwa ni ujinga mtupu, huyo hajawahi kuwa nayo. Na ukisikia mtu anasema za katikati ni takataka, huyo anatetea alicholipa. Mimi mwenyewe nilitetea changu karibu mwaka mzima, mpaka nikachoka kujisikia.

Nimefikiria swali lako na jibu langu ni hili. Nunua ya katikati. Nunua ya laini mbili, kwa sababu utakuwa ukija nyumbani. Nunua ile unayoweza kuitoa kwa vumbi, kumwazima mtu apige kwao, kuiweka juu ya meza ya chai bila kuilinda kwa macho. Simu ukiiogopa inakuwa wewe ndiye unaitumikia. Kitu cha bei kubwa kina namna ya kukufanya utake kionekane kimestahili hiyo bei, na hapo ndipo mtu mzuri anaanza kuongeza chumvi kidogo kidogo. Hiyo ndiyo ilinipata, na mimi sikuwa mtu mbaya, nafikiri.

Lakini kama kazi yako huko Wote itakuja kudai ile kubwa, mathalani wakupe kazi ya kupiga picha za barabara na mabwawa ya kata zote, inunue bila haya, na usimwombe mtu msamaha. Hapo ni kama panga kwa mtu wa kukata ua. Usinunue tu kwa sababu uliiona kwa mtu mazishini.

Na iwe gani, ya juu au ya katikati, ukishapiga picha ya kitu ambacho mtu atakitegemea, simama, angalia kioo, halafu angalia kitu chenyewe. Visipofanana, usitume. Au tuma na umwambie havifanani. Watu wanasamehe ndengu zilizofifia. Nimeona kwa macho yangu.

Basi Mungu akubariki katika kazi yako mpya, mwanangu. Akupe wakubwa wenye haki na wenzako wasio na kijicho. Mshahara wako ukufikie na ukutoshe, na mlango wako usikose mgeni wala chakula cha kumpa. Akulinde barabarani unapoenda na unaporudi, na kila atakayekupigia simu, mchana au usiku, akupate ukiwa mzima.