Jalada la Mchezo wa Usigeuke

Mwalimu alinikuta Jumamosi moja asubuhi, nimechuchumaa mbele ya duka jipya sokoni Kilwa Masoko, namalizia herufi ya mwisho ya neno JUMLA. Miaka ile biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, na kila aliyepata mtaji kidogo alifungua duka. Kila duka lilitaka jina ukutani, kwa hiyo sikukosa kazi. Kazi yenyewe nilifundishwa na mjomba wangu kule Lindi, ambaye aliandika vibao na kuchapa fulana kwa skrini, ile fremu ya kitambaa chepesi kinachopitisha wino. Nilipoijua nikarudi nyumbani kwa mama na brashi zangu. Wiki mbili za kwanza watu walisimama kumtazama mwanamke aliyepanda ngazi na kopo la rangi, kisha wakazoea.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, nikainuka haraka. Alikuwa amenifundisha hesabu darasa la tano, na bado nilikuwa namwogopa.

"Marahaba, binti. Je, unaweza kuchora kitu cha kutisha?"

Chini ya kwapa alikuwa na karatasi ya manila iliyokunjwa. Aliifungua palepale kibarazani. Ulikuwa mchezo alioubuni mwenyewe, wa kuchezwa mezani kama ludo. Alichora nyumba kubwa ya zamani, kama zile za Kivinje zilizojengwa enzi za Mjerumani, ina vyumba vingi na mlango mmoja tu wa kutokea. Wachezaji wanne wanatafuta mlango huo. Kila mtu akirusha dadu anasogea mbele, na kila akisogea, kete moja nyeusi inasogea chumba kimoja nyuma yake. Ukiokota karata ya kukurudisha nyuma, unakutana na kete nyeusi, na kwako mchezo umekwisha. Aliupa jina Usigeuke.

"Kete nyeusi ni ya nani?" nikamuuliza.

"Si ya mtu," alijibu. "Mnaisogeza wenyewe kwa zamu."

Jioni ile, baada ya alasiri, tuliucheza nyumbani: mimi, Mwalimu, mama yangu na jirani yetu. Mwanzoni mama alicheka sana. Mchezo ulipofika katikati, cheko likaisha. Ilipofika zamu yake ya kusogeza kete nyeusi alikunja mikono kifuani. "Mimi hicho sikishiki," akasema. "Shikeni nyie." Jirani naye akakataa. Mwalimu aliisogeza mwenyewe huku uso umemnawiri kwa furaha, na mimi nikajua mchezo ule ni mzuri kweli.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Ubao utakunjwa, uwekwe ndani ya boksi bapa pamoja na karata na kete, na maboksi yapelekwe madukani. Kazi yangu ilikuwa jalada, yaani picha ya juu ya boksi. Aliniletea orodha aliyoiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: jini lenye meno marefu, fuvu, mifupa, popo, damu, mwezi. Nilichora vyote. Herufi za jina nikazichora zikichuruzika damu, zimepindapinda kama mizizi. Nilijivunia kazi ile. Nyumbani, nikiwa nimeishika mkononi, niliiona ya kutisha kupita kiasi.

Tuliyapeleka maboksi ya mwanzo kwa mama mmoja wa Kimakonde mwenye duka karibu na stendi. Alitupokea vizuri, akayapanga kwenye rafu nyuma yake. Wiki ikapita, halafu ya pili. Siku moja nikapita kununua sabuni, nikamkuta anacheka peke yake.

"Mdogo wangu, leo nimeuza boksi lenu moja," akaniambia.

"Alhamdulillahi!"

"Subiri kwanza. Amelirudisha. Alidhani ni sumu ya panya."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliumia. Nikamwomba ruhusa, nikatoka nje, nikasimama pale wanaposimama wateja, upande wa pili wa kaunta. Kwa mara ya kwanza nikalitazama jalada langu kutoka mahali linapotazamwa na watu. Kumbe jini halionekani. Popo hawaonekani. Kilichoonekana ni doa la hudhurungi na fuvu jeupe, kati ya pakiti za biskuti na makopo ya mafuta yaliyokuwa yakimetameta. Jina halisomeki hata ukikodoa macho. Zaidi ya hapo, mama mwenye duka alikuwa amepanga miche ya sabuni mbele ya rafu, ikafunika theluthi nzima ya chini. Mifupa na damu niliyohangaika nayo siku mbili vilikuwa vimejificha nyuma ya sabuni.

"Mteja wangu hakai hapa kutazama picha," mama mwenye duka aliniambia. "Anatupa jicho mara moja tu. Jicho hilo likikosa pa kushika, ndiyo basi."

Maneno yale niliondoka nayo kama mtu aliyepewa kazi ya nyumbani. Nikakaa siku kadhaa nachora na kuchana. Mwishowe nikaona bora niende Kivinje nikazitazame nyumba zenyewe, kwa kuwa nilikuwa nachora jini nisilolijua na nyumba nilizozikumbuka kwa mbali tu.

Nilifika mchana kweupe. Nikakaa kwenye baraza ya mama mmoja anayeuza vitumbua, mkabala na nyumba moja ya zamani isiyokaliwa. Ukuta umebabuka chokaa, mlango uko wazi nusu, na ndani giza, ingawa jua nje lilikuwa kali. Nyumba ya jirani ilikuwa chuo cha watoto cha Kurani. Sauti zao zilisikika wakisoma pamoja, na ndala zao zimejaa mlangoni. Nikaanza kuchora ukuta. Nilipofika kwenye mlango wa nyumba tupu, penseli ikasimama. Pale kizingitini palikuwa na jozi moja ya ndala, zimepangwa vizuri, upande wa vidole umeelekea ndani.

"Mama, humo ndani kuna mtu?" nikauliza.

"Humo? Hakuna. Miaka na miaka."

"Na zile ndala?"

Akatazama, akafikiri kidogo. "Za watoto wa chuoni hizo. Watakuwa wamefichiana. Wana utundu sana."

Bila shaka ilikuwa hivyo. Hata hivyo, vinyweleo vya mikono vilikuwa vimenisimama, juani, na kitumbua kipo mdomoni. Ndipo nikaelewa kilichomshinda mama yangu siku ile. Sisi sote, tukifika nyumba ya mtu, tunatazama mlangoni kwanza. Ndala zinakwambia wangapi wako ndani. Mchezo wa Mwalimu ulikuwa na watu wanne na wa tano, ile kete nyeusi, ambaye hakualikwa.

Jalada jipya lilikuwa na mlango mmoja tu, wazi nusu, na ndani yake weusi mtupu. Kizingitini jozi nne za ndala, zimetupwa ovyo kama watu wanavyovua. Kando yake jozi ya tano, imepangwa vizuri, na imelowa maji. Nilitumia wino wa rangi mbili, mweusi na bluu, na rangi ya manila yenyewe ikawa jua. Mlango na ndala nilivipandisha juu ili sabuni zisivifunike. Jina nikaliandika juu kabisa, kwa herufi nene zilizonyooka, kama ninavyoandika JUMLA. Chini yake: Mchezo wa watu wanne.

Mwalimu alilitazama kwa muda mrefu.

"Jini liko wapi?"

"Liko ndani, Mwalimu."

"Ndani wapi? Mimi naona ndala. Watu watadhani tunauza ndala!"

Niliona haya. Miaka mingi nyuma, sauti ileile ilikuwa ikinisimamisha mbele ya darasa. Lakini safari hii jibu nilikuwa nalo. "Hesabu, Mwalimu," nikamwambia. "Jozi ngapi?"

Akahesabu kwa kidole. Akasoma maandishi. Akarudi kwenye ndala. Kidole chake kikabaki juu ya jozi ile iliyolowa.

"Tungeweka tone moja la damu," alisema mwishoni, kwa sauti ya kuomba.

"Maji yanatosha, Mwalimu."

Tukakubaliana kulijaribu. Nilichapa machache kwa skrini uani kwetu, mama akayaanika kwenye kamba ya nguo, kisha tukayabandika kwenye maboksi na kuyapeleka kwa mama mwenye duka. Mimi na Mwalimu tukakaa kwenye benchi nje kama watu wanaosubiri basi. Wateja wa kwanza walipita tu. Mwalimu alianza kukohoakohoa. Kisha akaja dada mmoja aliyevaa sare za hospitali, akaagiza sukari, akatupa jicho kwenye rafu, jicho likabaki pale pale.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mchezo," mama mwenye duka akajibu.

"Nipe nione." Akalishika. Midomo yake ikawa inahesabu. "Mbona wameandika watu wanne, na ndala jozi tano?"

Mama mwenye duka alinyanyua mabega tu. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa lolote lingine alilowahi kunifanyia.

"Hizi zimelowa," yule dada akasema taratibu. "Nifungie." Akaondoka nalo, akaisahau sukari, ikabidi tumkimbilie nayo. Mwalimu ndiye aliyekimbia, mtu mzima na kalamu zake mfukoni, na aliporudi anahema alinipa mkono kama anavyopeana mikono na walimu wenzake.

Maboksi yale yaliisha, tukachapa mengine. Usigeuke ulifika Kivinje, ukafika Lindi mjini, na likizo Mwalimu aliupeleka mwenyewe hadi Mtwara, amekaa na furushi mapajani. Haukututajirisha, wala hatukutegemea hivyo. Miaka kadhaa mbele, video na televisheni zilipoenea, watu waliuacha pole pole. Mwalimu alistaafu akarudi kwao Kikole kulima ufuta, na kila akija mjini hupitia kwangu, tukanywa chai, tukabishana kuhusu damu.

Kwangu mimi jalada lile lilifungua kazi nyingine. Watu wenye hadithi zao wanazochapisha wenyewe walianza kunitafuta wanichoree majalada. Wengi huja na orodha mkononi. Mimi huipokea kwa heshima, naiweka kando, halafu naomba niachiwe hadithi yenyewe. Nikiisoma huwa nakaa kibarazani asubuhi, miguu nimeinyoosha, chai ya tangawizi ubavuni, na mpita njia akinisalimu hucheleweshewa jibu. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote.