Sauti ya Mia na Kumi

Mawazo aliajiriwa kusikiliza. Katika chumba kimoja cha Nyakabiga chenye mapazia mazito, Mwalimu Révérien alikuwa akikusanya sauti za watu wa mji, ili kompyuta ifundishwe kuelewa Kiswahili cha Bujumbura jinsi kinavyosemwa hasa. Wote walisoma sentensi zilezile. Mawazo, vipokea sauti masikioni, aliandika kila mmoja katamka vipi: huyu kasema kulala, yule kurara, huyu hapana, yule apana.

Yeye alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, akiwa na miaka kumi na tisa, akaolewa Kinama, mtaa wa Bujumbura, akamzaa Prodige, na kwa miaka ishirini alijivunia kwamba ulimi wake haukuhama.

Baada ya majuma machache maneno yakaanza kumpotezea maana. Njiani kurudi nyumbani alisikia pumzi na milio tu, kama mvua ya mbali. Siku moja muuza nyanya alimwita, naye akasimama, amezama katika r ya mama yule, nyanya zenyewe asizione.

Jumatano akafika kwenye sauti ya mia na kumi. Ilikuwa ya mwanamke, na ilikuwa na upole uliomfanya aisikilize mara tatu, macho kafumba. Kisha akaandika: Mrundi, mzaliwa wa hapa.

Révérien akasoma juu ya bega lake. "Mama Prodige, uko hakika?"

"Kabisa. Sikia, anasema 'kurara'. Mutu wa Uvira asemi ivyo."

"Ni we mwenyewe. Siku ya kwanza, wakati tulijaribu mikro kwa sauti yako."

Mawazo akairudia sauti ile, mwili ukamwia mwepesi, kana kwamba kiti kimeondolewa chini yake polepole naye asianguke.

Alipofika nyumbani alimpigia mama yake Uvira.

"Mama, mi naongea namna gani?"

"Kama mutu wa Buja. Miaka mingi sasa."

"Sasa juu ya nini aukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mi nilikuwa nafurai tu kukusikia."

Mama akaingia kwenye habari za kuku wake na za jirani aliyevunjika mguu. Mawazo alikuwa amejilaza chali, simu sikioni, akiacha kila l ya mama impitie taratibu hadi salio likaisha.

Kesho yake alifuta alichokuwa ameandika, akaweka: alizaliwa Uvira, anaishi Kinama. Akabonyeza sauti iliyofuata.