Maiki Ndefu Juu ya Kamera

Mume wangu hupiga video za harusi, na watu wanamwita Pozi, kwa sababu hilo ndilo neno analowapigia kelele maharusi tangu asubuhi mpaka keki inakatwa. Ni hodari wa picha, sitamnyima haki yake. Akimpanga bibi harusi mbele ya dirisha, hata yule aliyelia njia nzima anatoka kama malaika. Lakini sauti haijui. Kwa miaka kumi na minne hajasikiliza hata neno moja kati ya maelfu aliyoyarekodi. Hotuba za wazazi, viapo, vicheko, vyote anavifukia chini ya muziki: wimbo wa taratibu wakati wa pete, wimbo wa kuchangamka wakati wa kucheza, basi. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Wala mimi sina pa kujificha, maana harusini mimi ndiye mshika taa wake, na nyimbo hizo tunachagua pamoja.

Hayo hayakumdhuru mtu, mpaka koo la baba yangu lilipougua.

Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na mmoja. Alikaa kwenye kijumba cha vioo juu ya jukwaa la pili, na sauti yake ilijulikana mji mzima. Sokoni akiuliza tu bei ya vitunguu, watu wanageuka. Haikuwahi kurekodiwa hata siku moja. Alitangaza, treni ikaondoka, akasubiri nyingine. Sasa daktari alikuwa amesema uvimbe umeshika kiungo chenyewe cha sauti, kwamba kitatolewa chote Jumanne, na mzee akiamka hataongea tena.

Tulikuwa bado kwenye benchi la hospitali baba aliponiambia, "Mwambie Pozi alete kamera Jumapili. Nina maneno yangu. Mengine ya wote, mengine yako wewe."

Sikuwahi kuambiwa na baba neno la peke yangu. Tulikuwa watoto watano, naye alitulea kama abiria: anatangaza mara moja kwa wote, anarudia, aliyechelewa shauri yake. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ninayoionea aibu mpaka leo.

Maiki ya ndani ya kamera yetu ilikuwa inasikia vidole vya Pozi kuliko mtu anayeongea. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulikwenda dukani kutafuta maiki ya kupachika juu yake, ya bei nafuu. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, alitoa tatu akazipanga juu ya kioo.

"Mnarekodi nini?" akauliza.

"Mzee anaongea," nikasema. "Ndani, amekaa."

"Basi chukueni hii ya kubana kwenye kola, iko karibu na mdomo. Au kama mnataka ya juu ya kamera, hii fupi. Haina betri, haina swichi. Ukichomeka tu, inafanya kazi."

Pozi aliishika ile fupi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mende. "Dada, nikipandisha hii harusini, watu watasema nimeweka kifutio. Na ile je?"

Ile ilikuwa ndefu, nyeusi, imevishwa manyoya ya kijivu.

"Nzuri tu, na bei haipishani sana," dada akasema. "Ila ina betri yake na swichi yake. Ukiichomeka, maiki ya ndani ya kamera inajizima. Ukisahau kuwasha hii, hupati kitu. Uvae hedifoni kila unaporekodi, usikie kinachoingia."

"Dada yangu, mimi hii kazi nimeianza wewe bado unavaa sare za shule."

Akanigeukia mimi. Ningeweza kusema tuchukue ya kola. Lakini mwezi uliofuata tulikuwa na harusi ya watu wenye uwezo, wale wanaompima mpiga video kwa ukubwa wa vifaa vyake, na ndio niliokuwa nawafikiria. "Chukua ndefu," nikasema. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Hedifoni tuliona ni mbwembwe, tukaziacha.

Jumapili tulikuwa sisi watatu tu. Baba alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kazini lenye vifungo vya shaba. Pozi alizima feni, akasogeza viti, akahangaika na mwanga karibu saa nzima. Maiki alishaijaribu tangu mwanzo, akaona kitaa cha kijani, akaizima ili isimalize betri bure. Vile vistari vya sauti vinavyochezacheza kwenye kioo cha kamera alikuwa amevificha miaka mingi iliyopita, kwa sababu vinaziba nyuso.

Baba aliongea dakika arobaini. Alianza kwa kutangaza treni ya mwisho, mabehewa yote, vituo vyote, mpaka nikacheka huku machozi yananitoka. Akaitazama kamera, akasema na wajukuu. Akasema na kaka zangu wanne, ambao hawakuwepo, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanigeukia, macho yake yakawa mengine, akasema, "Sasa wewe."

"Kivuli," Pozi akaninong'oneza. "Shavu la kushoto."

Nikainua taa.

Alipomaliza, baba alijifuta uso kwa leso. "Imeingia?"

"Imeingia, mzee," Pozi akasema. "Tena safi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki tatu nzima Pozi alijifungia na kompyuta, nikimuuliza ananijibu, "Bado kidogo, mke wangu, nairemba." Chakula akawa anakidonoa tu. Nikasema moyoni, mwanamume huyu ananipenda, angalia anavyojitesa kwa ajili ya baba yangu. Nilikuwa hamnazo.

Siku ya kuitazama tulikusanyika sebuleni kwa baba, mchana. Yeye alikaa katikati, shingo imefungwa kitambaa cheupe, daftari na kalamu mapajani. Yakaja maua kwenye televisheni, likaja jina lake, ukaja uso wake, na kweli Pozi alikuwa ameupiga ukapigika. Mdomo wa baba ukafunguka, na kinanda kikaanza. Ulikuwa wimbo wa taratibu. Ule wa pete.

"Aisee, picha imetulia!" kaka yangu mkubwa akasema.

Nikasubiri muziki ushuke ili baba asikike. Haukushuka. Baba akagonga meza kwa kalamu, akaonyesha sikio, akateremsha kiganja: punguzeni. Pozi hakutikisika.

"Toa muziki," nikamwambia.

"Mke wangu..."

"Utoe."

Akaichomeka kompyuta kwenye televisheni, akafungua kazi yake, akaufuta wimbo. Chini yake hapakuwa na kitu, hata mkwaruzo. Baba alikuwa pale kwenye kioo, anatikisa kidole, anacheka, anatangaza treni, kimya.

"Swichi," Pozi akasema, akitazama sakafu. "Sikuiwasha tena. Niligundua Jumatatu asubuhi."

Jumatatu baba alikuwa bado anaongea! Alikuwa kitandani hospitalini anawatania wauguzi. Tungerudi na ile ile kamera. Hata simu ya mkononi ingetosha.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu mbele ya mzee. Nilishamwambia imeingia."

Sikumtukana. Matusi niliyoyajua yote yalikuwa madogo. Kaka zangu walitoka nje mmoja mmoja, nikasikia sauti zao uani, zimepanda.

Baba hakukasirika, au kama alikasirika hakuwa na sauti ya kukasirikia. Alivuta daftari akaanza upya: ukurasa wa wajukuu, ukurasa wa kaka mkubwa, na wa mwingine, na wa mwingine, na wa mwingine. Akawa anapumzika katikati. Nilikaa sakafuni karibu na kiti chake mpaka alipofunga kalamu.

"Na yangu, baba," nikasema. "Niandikie na yangu."

Alinitazama kwa mshangao kidogo. Akafungua tena kalamu, akaandika mstari mmoja, akanigeuzia daftari.

*Wewe ulikuwepo. Ulisikia.*

Akanipigapiga mkono, ameridhika kabisa. Katika watoto wake wote, mmoja hakuhitaji daftari.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Nilisikia."

Nilichokisikia siku ile ni "Sasa wewe." Baada ya hapo nilikuwa nimeinua taa, natazama kivuli kwenye shavu lake la kushoto, nikijua kwamba maneno nitayasikiliza baadaye.