Nilivyodaka Mishamo

Niliondoka Mpanda kwa sababu ya ubishi. Mimi ni fundi cherehani, na katika miaka ya tisini kibaraza changu cha karibu na soko kilikuwa na redio yenye sauti safi kuliko zote za mtaa wetu. Mwaka wa tisini na nane, Kombe la Dunia lilipokuwa likitangazwa, watu walijaa pale hadi wateja wakakosa pa kupita. Mtangazaji akimaliza, mimi ndiye niliyekuwa naeleza nani kacheza vizuri na nani kaharibu. Sijachezea timu yoyote tangu nimalize shule ya msingi, lakini nilijua nina jicho la mpira, na hilo sikulificha.

Mawazo yangu makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, kipa anayeng'ang'ania mstari wake hafai. Kipa lazima atoke. Nilikuwa namwambia hivyo Leonadi, kipa wa timu yetu ya mtaa, ambaye alikuwa fundi baiskeli na banda lake lilitazamana na kibaraza changu. Leonadi alikuwa mtu wa maneno machache. Alinisikiliza huku anaziba pancha, akaendelea kubaki mstarini.

La pili, mashindano ya magari si michezo. Nilikuwa nimeona mkanda mmoja kwenye banda la video, magari yanazunguka barabara ileile kama nzi ndani ya kikombe, nikatoka kabla haujaisha. Nilisema kwamba pale anayeshindana ni injini, mtu amekaa tu. Aliyenipinga alikuwa Festo, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa pale mjini. Ujanani Festo alifanya kazi kwenye gereji moja Arusha iliyokuwa ikiandaa magari ya mashindano, na mara mbili aliwahi kukaa kiti cha pembeni mwa dereva, akimsomea njia.

Mwezi ule tajiri wake alitoa lori liipeleke timu yetu Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kucheza na timu ya huko. Mzee mmoja wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi maeneo yale alikuwa ametoa dume la zawadi. Festo akaja kibarazani kwangu. "Fundi," akasema, "Jumamosi kaa na mimi mbele. Ukirudi, ndipo useme tena kwamba dereva amekaa tu."

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, tuliondoka. Wachezaji kumi na wanne walikaa nyuma juu ya magunia matupu, wamevaa makoti kwa sababu Juni ya Mpanda ina baridi ya alfajiri. Mimi nilikaa mbele na furushi la jezi nilizozishona mwenyewe. Kabla hatujatoka mjini Festo alinipa daftari la shule, kurasa zake zimejaa mwandiko mdogo. Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimeikata barabara kila mahali, na yeye kila safari aliandika: kwa namba za kilometa, kona iko upande gani, ni kali kiasi gani, mtaro uko wapi, daraja lipi bovu. Kwa kawaida aliyemsomea ni utingo wake, lakini utingo alikuwa ameoa wiki ile. Leo msomaji ni mimi.

Nilicheka kidogo, nikaanza kusoma. Kushoto, wastani. Kulia, kali, mchanga. Mtaro kulia, punguza. Nashangaa mpaka leo jinsi nilivyoona kazi ile ni rahisi. Nilisoma huku napiga soga, na kila ukurasa ulipoisha nililamba kidole kama ninavyolamba uzi ninapotunga sindano.

Kufika saa nne tulikuwa ndani ya msitu wa miombo. Mbung'o walianza kutufuata, tukapandisha vioo, na nyuma nilisikia wachezaji wakipigana makofi ya mgongoni kuwaua. Tulipita pale njia ya Mwese inapochepuka kushoto kwenda milimani. Kundi la watu waliovaa bukta na soksi walikuwa wanashuka kwa miguu kuja barabarani, na Masanja, nahodha wetu, akapiga bodi ya lori kutuonyesha. Ilikuwa timu ya Mwese. Barua ya mwaliko kutoka Mishamo ilisema wazi kwamba tusipofika saa kumi jioni, Mwese ndio watakaocheza badala yetu.

Saa tano tulikuta lori la mbao limekwama juu ya daraja, ekseli ya nyuma imezama kati ya magogo. Hakukuwa na pa kupita. Wachezaji wetu wote walishuka, tukashusha mbao, tukainua, tukasukuma, tukapakia tena. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Festo alipowasha injini ilikuwa saa nane na robo, na bado tulikuwa na mwendo mrefu.

"Sasa soma vizuri," akaniambia. "Usiniruke."

Hapo ndipo nilipomwona Festo mwingine. Lile lori la tani saba lilianza kwenda kama limepungua uzito. Hakukanyaga breki ovyo. Alijua mapema kona inakuja, akaiachia gari ijipange, akaikamata tena ikiwa imeshageuka. Macho yake hayakutoka barabarani, na masikio yake yalikuwa kwangu. Mimi nilisema na yeye alifanya, kwa muda wa kama saa nzima. Nakiri kwamba nilianza kufurahi. Na nilipofurahi, nikarudia tabia yangu: nikaanza kumweleza kuhusu kipa mmoja niliyemsikia redioni siku mbili kabla, jinsi alivyofungwa kwa kung'ang'ania mstari. Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa, nikasoma: kulia, wastani, barabara nzuri.

Barabara haikuwa nzuri. Nilikuwa nimefungua kurasa mbili kwa pamoja. Mtaro ulikuwa mbele yetu, mpana, umekata nusu ya njia. Festo alikata usukani, gurudumu la kulia likatumbukia, lori likaruka, likalala upande na kuegemea kichuguu. Vumbi lilipotulia nilisikia mtu anaguna nyuma.

Alikuwa Leonadi. Alikuwa ametanguliza mkono wakati wa kuanguka, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinavimba huku tunakitazama. Wengine walikuwa na michubuko tu. Masanja alimjia Festo usoni, akamwambia anaendesha kama mlevi na kwamba amewachukua watoto wa watu, si viazi. Wengine wakaongeza ya kwao. Festo alinitazama mara moja, kisha akainama kutazama gurudumu. Hakusema kitu. Na mimi, fundi mwenye maneno, nilikuwa nimelishika daftari kwa mikono miwili na sikusema kitu pia.

Tulilisukuma lori likarudi barabarani. Nilichana kitambaa kwenye kanga ya kufungia jezi, nikamfunga Leonadi mkono.

Saa kumi kasoro dakika kumi tulifika kwenye kizuizi cha Mishamo. Mlinzi alisoma kibali chetu mstari kwa mstari, lakini mwenyeji wetu, Mwalimu Nestori, alikuwa anatusubiri pale na baiskeli yake. Yeye alizaliwa Burundi, alikuja mtoto wa mgongoni, na sasa alifundisha shule ya palepale. "Mwiriwe," akatusalimia kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili, "karibuni, nyie ni watu wa kweli, mmefika." Alipoona mkono wa Leonadi alimwita mganga wa zahanati. Mganga akaupapasa, akasema huo ni mfupa umevunjika, hakuna kudaka.

Kipa wa akiba hatukuwa naye, alibaki Mpanda akiuguza mke. Wachezaji walitazamana. Masanja akasema labda beki mmoja asimame golini, ila hapo tungepungukiwa nyuma. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema nitasimama mimi.

Naomba mnielewe. Vidole vyangu ndivyo vinavyowalisha mke wangu na watoto wanne. Kidole kimoja kikivunjika, cherehani inalala. Sikujitolea kwa ushujaa. Nilijitolea kwa sababu kusimama golini kulikuwa rahisi kuliko kusema nilichokifanya.

Mechi ilianza saa kumi na robo, kiwanja kimezungukwa na watu na baiskeli. Leonadi alikaa chini nyuma ya goli langu, mkono umefungwa shingoni. Nilikuwa nimetabiri njiani kwamba vijana wa Mishamo watachoka mapema, kwa kuwa wanashinda shambani na jembe. Dakika kumi zilitosha kunionyesha kwamba mtu anayeshinda na jembe hachoki. Walikuja kama maji. Mpira wa kwanza wa krosi ulipigwa kutoka kulia, ukapanda juu, ukaanza kushuka mbele yangu.

"Toka, Fundi," Leonadi akasema, kwa sauti ya kawaida tu.

Sikutoka. Niling'ang'ania mstari. Mchezaji wao akaupiga kwa kichwa, nikageuka nikaukuta wavuni.

Kutoka hapo Leonadi alinifundisha mpira kwa dakika themanini. Hakunicheka na hakunikumbusha lolote. Aliniambia nitazame kiuno cha mpigaji, nisimame hatua mbili kushoto, niwapange mabeki kwa majina yao. Niliokoa miwili mitatu, mmoja kwa kifua bila kupenda. Tukasawazisha, wakafunga, Masanja akasawazisha tena. Mbili kwa mbili. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira mrefu ulipigwa na mshambuliaji wao akabaki peke yake na mimi. Safari hii nilijua la kufanya. Nilitoka mbio zangu zote, mikono imetanda. Yule kijana aliusubiri mpaka nikaribie, akaunyanyua taratibu juu ya kichwa changu.

Nilirudi golini kuuokota. "Ule ulikuwa wa kubaki," Leonadi akasema. "Beki alikuwa anakuja." Basi, hayo tu.

Jioni, jua likizama, tulikaa uani kwa Mwalimu Nestori. Dume la zawadi lilikuwa limeshachinjwa na wenyeji wakakataa kulila peke yao. Mke wake alituletea ugali wa muhogo na maharage pamoja na nyama, na maji ya kunawa yakazunguka. Festo alikaa pembeni, karibu na tela la baiskeli. Hakuna mchezaji aliyekwenda kukaa naye. Masanja alikuwa ameomba karatasi kwa Mwalimu na alikuwa anaandika barua kwa tajiri mwenye lori, akieleza jinsi dereva alivyotaka kuwaua. Aliisoma kwa sauti ili wote tukubali. Ilikuwa barua nzuri. Festo asingebaki kazini siku moja baada ya barua ile.

Niliweka tonge chini. Nikasema, "Masanja, andika jina langu. Niliruka ukurasa."

Walidhani natania. Nikalitoa daftari, nikawaonyesha zile kurasa mbili, nikawaonyesha mahali palipoandikwa kwa wino mwekundu, mtaro mkubwa, simama kabisa. Nikaeleza kwamba nilikuwa napiga domo kuhusu kipa wa redioni. Nilipofika hapo sikuweza kumtazama Leonadi.

Mwalimu Nestori akakohoa. Masanja akamgeukia Festo, akamuuliza kwa nini hakusema tangu kule barabarani.

"Dereva hamtaji msomaji wake mbele za watu," Festo akajibu. "Ndivyo nilivyofundishwa Arusha. Gari likianguka, tumeanguka wawili. Halafu nilitaka kuona kama atasema."

Masanja aliikunja ile barua, akaisogeza kwenye moto. Kisha akainuka na sahani yake akaenda kukaa karibu na Festo, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hapo nikasema mbele ya wote kwamba nililolisema Mpanda kuhusu magari nimelifuta. Nimecheza mpira na nimesoma njia siku moja, na sioni tofauti kubwa. Kote kuwili kuna mtu ambaye hawezi kuona kila kitu, na kuna mwenzake ambaye maneno yake ndiyo macho ya yule wa kwanza. Mchezo uko hapo katikati yao. Festo alitikisa kichwa kukubali, akaomba chumvi.

Jumapili asubuhi, baada ya wenyeji wetu kutoka kanisani, tuliaga. Mke wa Mwalimu alitupa mfuko wa maharage. Nilisoma daftari lote mpaka Mpanda bila kusema neno lisiloandikwa humo, na nawahakikishia, kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko kudaka.

Leonadi alifungwa plasta wiki sita. Baiskeli za watu zilikuwa zinangoja, basi kila asubuhi kabla ya kufungua kibaraza changu nilikwenda bandani kwake. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikapiga magoti kwenye grisi. Alinionyesha spoki ipi nikaze, ipi nilegeze. Kombe la Dunia liliendelea, redio ikatangaza, na watu wakaja kuniuliza maoni yangu kama zamani. Niliyatoa, kwa kuwa maoni bado ninayo na mengi ni mazuri. Ila nilipofika kwenye habari za makipa niligeuka, nikamuuliza Leonadi. Watu walishangaa kumsikia. Kumbe alikuwa na mengi ya kusema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi nizime redio ili tumsikie.