Ribiti za Gari la Mama Tumaini

Nakumbuka asubuhi moja Mzee Shomari aliponiuliza swali dogo tu, likanitoa mbio karakanani. Mpaka leo, mwanangu, nikishika nyundo linanirudia. Kaa nikusimulie, wewe unayejiona ufundi umeshaumaliza.

Nilikuwa kijana, nina karakana yangu hapa Tukuyu mjini. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Bati, ambalo zamani tulilisaka kwa kibali na kujuana, sasa lilijaa madukani. Ikaja pia alminiamu, nyepesi, inang'aa. Watu wakaanza kununua pikapu kuukuu za kubebea abiria wa Kinyala na Lufingo, na kila pikapu ilihitaji bodi ya nyuma. Mimi nikajitangaza kuwa ndiye bingwa wa bodi.

Mama Tumaini, mfugaji wa Mpuguso, akaniletea yake. Asubuhi ilete maziwa mjini, mchana ibebe watu. Ubavuni, sehemu ya chini niliweka bati, juu yake alminiamu, vikapandana pale kwenye usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa. Alminiamu ukiichomelea kwa mashine zetu inatoboka, kwa hiyo tunaunga kwa ribiti: unatoboa vipande vyote viwili, unapitisha kipini chenye kichwa, unakigonga upande wa pili mpaka kinatanuka na kubana. Nami nikachagua ribiti za shaba. Unajua kwa nini? Urembo tu! Zilijipanga nyekundu juu ya weupe, nikasimama kando kujisifu.

Mzee Shomari alikuwa fundi bati, jirani yangu wa ukuta mmoja. Wazee wake walitoka Kilwa, na yeye alitengeneza ndoo, koroboi na mifereji ya maji ya mvua. Akaja, akapapasa bodi yangu polepole.

"Ambakisye," akasema, "shaba na alminiamu hazipatani zikilowa. Alminiamu italiwa. Toa hizi, tumia ribiti za alminiamu, paka rangi kwenye matundu, na pale inapopandana na bati weka mpira wa tyubu katikati."

Nikamjibu mbele ya wateja: "Mzee, wewe baki na koroboi zako. Haya ni mambo mapya." Watu wakacheka. Naona aibu kukwambia, lakini siku ile nilifurahi walivyocheka.

Mzee aliokota mabaki yangu, akaunga vipande viwili, kimoja kama nilivyofanya mimi, kingine kwa njia yake, akavipigilia kwenye ukingo wa paa lake. Mvua yetu unaijua. Hakuwa na haja ya kuvimwagilia maji.

Ikapita mvua ya mwaka mzima na zaidi. Asubuhi moja akaniita, ameshavishusha. Kipande chake kizima kabisa. Changu, kila ribiti imezungukwa na unga mweupe, matundu yamepanuka. Nilishika ribiti kwa vidole viwili ikatoka.

"Gari la yule mama liko wapi?" Mzee akauliza.

"Mpuguso. Jumamosi nitamwita, nimalize kwanza kazi niliyonayo." Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa aibu.

Mzee akauliza tena: "Abiria akikaa humo, mgongo wake anauegemeza wapi?"

Basi, hilo ndilo swali. Nikaacha karakana wazi, nikadandia lori la ndizi.

Gari nililikuta sokoni Mpuguso, limejaa, linaunguruma. Nikasimama mbele yake na kunyoosha mikono. "Shukeni! Shukeni wote! Bodi hii nimeiharibu mimi!"

"Gwe Ambakisye, umepatwa na nini?" Mama Tumaini akapiga kelele. Dereva akanitukana. Abiria wakashuka wakinung'unika, wa mwisho bibi mmoja aliyekaa pembeni kabisa na mjukuu wake mapajani. Nikasukuma kwa kiganja pale alipokuwa ameegemea. Safu nzima ikaachia, alminiamu ikabinuka nje, ribiti zangu za urembo zikadondoka matopeni.

Bibi akalitazama lile pengo, akamkumbatia mjukuu.

"Umejua lini, mwanangu?"

"Leo asubuhi, bibi."

Nilimshukuru Mungu kwamba niliweza kusema leo. Jumamosi ningesema nini, na ningemwambia nani?

Bodi niliirudia yote bila malipo, na Mzee Shomari ndiye aliyenishikia chuma upande wa pili nikigonga. Msamaha nilimwomba palepale nilipomtukania, mbele ya wateja, maana kumwomba pembeni kungekuwa ujanja mwingine.

Sasa nakuachia, mwanangu. Vyuma visivyofanana viunganishe, havikatazwi, lakini vitenganishe na maji, weka mpira katikati, wala usichague ribiti kwa macho. Mzee akikukosoa kazi, izuie kwanza hiyo midomo yako. Na siku utakapogundua kosa lako, usilipangie Jumamosi. Ondoka saa hiyohiyo, ukawashushe watu, hata kama watakutukana sokoni.

Mungu akubarikie mikono, na kila atakayeegemea kazi yako afike kwao salama.