Mashua, Mvua na Kengele

Sawako Onodera hakuwa mtu wa kutulia. Tulifanya kazi pamoja mjini Takamatsu, Japani, katika kampuni ndogo ya michezo ya video iitwayo Kawasemi, vyumba viwili juu ya mgahawa wa tambi za udon. Mimi nilichora picha. Yeye aliandika programu, mara nyingi akiwa amesimama, goti moja juu ya kiti. Bosi wetu Sakakibara, zamani fundi wa televisheni, alizoea kumtania: "Wewe Onodera, una siafu mwilini?"

Kwa miaka mingi tulitengeneza michezo ya wengine. Kampuni moja kubwa ya Osaka ilituagiza, tukatengeneza, ikauza kwa jina lake. Mwaka 1993 ndipo walipokubali mchezo wetu wenyewe: msichana anavuka visiwa akimtafuta kaka yake, na jina la Kawasemi liko kwenye kasha. Siku tuliyoukabidhi, Sakakibara alilia mbele yetu bila kuona haya.

Kesho yake Sawako alikuwa bado anaucheza. Wiki ikaisha, anacheza tu, tambi zinapoa pembeni.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Sijui, Fumie. Kuna kitu. Kimenikaa kama mwiba wa samaki kooni."

Akakipata. Mchezaji akipanda mashua mvua ikinyesha, na kengele ya hekalu ikalia wakati huohuo, picha inaganda na safari yake yote inafutika. Kosa lilikuwa kwenye sehemu aliyoiandika mwenyewe.

"Sasa nani atapanda mashua kwenye mvua kengele ikilia?" Sakakibara akafoka.

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yeyote! Watoto hujaribu kila kitu, Bosi. Kacheza weee, halafu vyote vinapotea. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia pole! Kaseti za mchezo zinaingia kiwandani wiki hii. Tukichelewa, Mwaka Mpya umetupita, na watoto wanapewa hela zao Mwaka Mpya. Nyamaza, Onodera. Nakuomba."

Sawako akazunguka meza, akashuka ngazi, akapanda tena, akashuka. Asubuhi iliyofuata hakuja kazini. Alikuwa amepanda treni, amevuka daraja, amekwenda Osaka bila miadi.

Bwana Nukada, msimamizi wa kule, alinisimulia baadaye. Alimkuta mapokezi anatembea huku na huko, walinzi wanamtazama. Alipomwona tu, Sawako akainama mpaka nywele zikagusa sakafu. "Kosa ni langu, wenzangu hawahusiki. Naomba msimamishe kiwanda."

Wakasimamisha, Sawako akalirekebisha kosa. Mchezo ukatoka Februari, rafu zimejaa michezo ya wengine, ukanunuliwa na wachache. Wawili wakaacha kazi. Hirota, aliyetunga muziki, alipofungasha vitu vyake alisimama mezani kwa Sawako.

"Umeridhika?"

Sawako akashusha goti kutoka kitini.

Sakakibara naye akaacha kumsemesha. Alikuwa akiniambia mimi, "Mwambie huyo abadilishe rangi ya menyu," na huyo mwenyewe amesimama palepale. Nilidhani Sawako ataondoka. Kila asubuhi nilitazama kwanza kama koti lake lipo ukutani.

Siku moja Sakakibara akaingia na kwenda moja kwa moja mezani kwa Sawako.

"Jana Nanako alikuwa anacheza." Nanako ni bintiye. "Akapanda mashua. Mvua, kengele, vyote vikaja pamoja."

Sawako akasimama. "Ikawaje?"

"Nilikuwa nyuma yake, pumzi zimenikatika." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mashua ikafika. Mtoto hata hakujua." Kisha akakunja uso tena. "Siku nyingine ukitaka kwenda Osaka, niambie twende wote. Mimi kuambiwa kwa simu, aibu gani ile!"

Kawasemi haikuwa kampuni kubwa kamwe, lakini haikufa. Sawako aliacha kazi mara mbili, akaenda Sapporo, akarudi. Sakakibara alipofariki, yeye ndiye aliyeishika, na mpaka leo anaiongoza na watu wanne.

Kuna kitu kimoja bado hakimpi raha. Hirota hakupata tena kazi ya kutunga muziki. Anauza piano huko Kochi. Kila mchezo mpya unapotoka, Sawako humpelekea mmoja. Hirota hajawahi kujibu, wala hajawahi kuurudisha. Mwezi uliopita Sawako aliniuliza kama nadhani huwa anafungua kasha. Nikamwambia sijui. Akavaa viatu, akatoka kutembea.